Mama Kavugho wa sabuni na penseli anakabidhi chumba namba nane

Chumba namba nane hakitafungwa. Mkurugenzi wa Kituo cha Ufundi Malembe, Franck Lisungi, aliwaambia walimu Jumatatu asubuhi kwamba Mama Kavugho Élise amekubali sharti la mwalimu atakayemrithi, na kwa hiyo darasa la uchongaji mdogo litaendelea mwaka ujao wa masomo. Mama Kavugho anastaafu Alhamisi, tarehe 2 Julai 2026, baada ya kufundisha hapa Kabondo, Kisangani, kwa miaka thelathini na moja.

Hadi wiki iliyopita hakuna aliyekuwa na uhakika. Tangu Machi ilijulikana kwamba asipopatikana mtu wa kuishika karakana hiyo, chumba kitawekwa kompyuta, na ufundi alioingia nao Mama Kavugho utatoka naye. Hakuomba kuongezewa muda. Aliomba apatikane mtu.

Kwa wageni wanaosoma jarida hili kwa mara ya kwanza: mwanafunzi wa chumba namba nane huchukua kitu cha kila siku kinachokaribia kwisha nyumbani kwao, kama kipande cha sabuni, mshumaa, mpini wa mswaki, kokwa la parachichi au kisigino cha kandambili, na kutoa ndani yake mnyama, mtu au mtumbwi usiozidi kidole gumba. Mtihani wa mwisho ni penseli. Hapo unachongwa ule uti mweusi wenyewe, na mwenye haraka huvunja penseli nyingi kabla ya kupata kuku mmoja.

Vifaa havinunuliwi. Ni wembe, sindano, na njiti za magurudumu ya toleka, zilizonolewa kwenye saruji ya ngazi. Waendesha toleka wa kona yetu, ambao hubeba abiria kwa baiskeli kutwa nzima, wamezoea kumwekea njiti zilizokatika. Mmoja wao alipata kumwambia kwamba yeye ndiye mtu pekee mjini anayefurahi baiskeli ikiharibika.

Mama Kavugho alizaliwa Butembo na kufika Kisangani mwaka 1984, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, pamoja na mume wake, marehemu Philippe. Philippe na shemeji zake waliuza sabuni, chumvi na vitenge kwa jumla. Kazi ya bibi arusi ilikuwa kulinda ghala. Miche ya sabuni iliyovunjika njiani haikuuzika, na yeye alikuwa na kisu na mchana mrefu. Baada ya miezi michache rafu ya chini ilijaa mbuzi. Kaka mkubwa wa Mama Kavugho alilalamika mbele ya familia nzima: “Dada, batu banakuya kununua savon, banauliza bei ya mbuzi.”

Mkurugenzi wa kwanza wa kituo hiki alikuwa mmoja wa walioulizia bei ya mbuzi. Alimwomba aje awafundishe wanafunzi wa useremala mchana mmoja kwa wiki, ili wazoee kukata kidogo. Hiyo ilikuwa Septemba 1995. Mchana mmoja ukawa miwili, kisha likawa darasa kamili lenye chumba chake.

Chumba chenyewe kiko mwisho wa jengo, baada ya stoo ya makanika. Hakuna anayekipita akienda kwingine. Injini ikiwashwa upande wa pili wa ukuta, meza hutetemeka, na wanafunzi wote huinua wembe kwa pamoja bila kuambiwa na kungoja. Vijana wa makanika walikiita “garage ya panya”. Mwaka mmoja walisimama dirishani na kuuliza, “Munachonga tembo ya kuingia mu pua?” Msichana mmoja aliwajibu bila kuinua kichwa: “Mu pua yako inaingia, na nafasi inabaki.” Mama Kavugho alicheka siku hiyo. Wanaokumbuka tukio hilo wanakumbuka zaidi kicheko hicho, kwa kuwa hakikusikika mara nyingi.

Katika chumba hicho watu hukata wanapotoa pumzi, kwa hiyo hawazungumzi. Mwalimu naye hakuzungumza. Hakuwahi pia kushika kazi ya mwanafunzi. Mtu akikwama, aliketi kando yake na kitu cha aina ile ile, akachonga sehemu ile ile polepole mpaka mwenzake aone. Kazi ikivunjika alisema, “Nyumbani iko kitu ingine,” na kurudi mezani kwake. Wanafunzi wapya walidhani mwalimu hawapendi. Baadhi yao walimaliza miaka mitatu wakiendelea kudhani hivyo.

Kulikuwa na sheria moja ambayo haikujadiliwa, nayo ni sheria ya kurudisha. Kitu kinachongwa, kinatazamwa na darasa, kisha kinarudi kwenye nyumba kilikotoka na kuendelea na kazi yake. Mamba wa sabuni anakwenda kufua. Mtumbwi wa mshumaa unawashwa umeme unapokatika, na penseli yenye kuku inakwenda shuleni na mdogo wake mwanafunzi, ambaye anaandika mpaka kuku anakwisha. Mama Kavugho alieleza sababu mara moja, katika mkutano wa wazazi wa mwaka 1997: mama wa nyumbani ametoa sabuni yake, na asiporudishiwa, safari ijayo ataficha.

Sheria hiyo ilikuwa na upande mwingine. Mwezi Juni mwaka 2000, baada ya siku sita za mapigano mjini, Mama Kavugho alikuwa mwalimu wa kwanza kurudi kituoni. Alifagia vioo na kukaa mezani. Wanafunzi waliporudi, walileta maganda ya risasi waliyookota barabarani. Shaba ni laini na ingechongeka vizuri. Aliyakataa yote. “Hii haikutumikia mutu nyumbani kwenu,” alisema, na kuwatuma watafute vifungo vya mashati.

Matokeo ya sheria ya kurudisha ni kwamba darasa lililofanya kazi kwa miaka thelathini na moja halina kabati la maonyesho. Kituo hiki kina picha za meza na milango iliyotengenezwa na maseremala wetu hadi Basoko. Chumba namba nane hakina kitu cha kuonyesha. Mwaka 2021 jambo hilo karibu likifunge. Inspekta alikuja kuamua kama darasa liendelee kutambuliwa, akataka kuona kazi. Wanafunzi walitumwa nyumbani kukusanya kilichobaki. Walirudi na kiboko wa sabuni asiye na kichwa, mshumaa ulioungua hadi miguuni mwa mtu, na sabuni moja nzima kabisa: mtumbwi na wavuvi watatu, uliokuwa umekamilika siku iliyotangulia.

Sabuni hizo ziliwekwa kwenye sahani na kuachwa barazani zikauke. Mlinzi wetu, Papa Rashidi, alikuwa na agizo lake la siku zile: mgeni asiingie bila kunawa. Aliona ndoo, aliona sahani ya sabuni, akaviweka pamoja mlangoni. Inspekta alinawa kwa mtumbwi, akanawa vizuri, wavuvi wakaondoka na maji. Alipofika chumbani alisema kwamba sabuni ya hapa inatoa povu zuri, kisha akauliza kazi ziko wapi.

“Kazi moya umekwisha kuishika, Bwana Inspecteur,” alijibu Mama Kavugho.

Papa Rashidi anasema aliomba ardhi ipasuke. Inspekta alinusa vidole vyake, akaomba kukaa, na akabaki mchana mzima akiwatazama wanafunzi wakichonga. Darasa lilitambuliwa. Hadi leo walimu wakitaka kumtania Papa Rashidi humuuliza kama amewaosha wavuvi wake.

Jarida hili linapaswa kueleza pia sehemu isiyochekesha. Katika miaka yake yote hapa, Mama Kavugho alikuwa mwalimu pekee wa somo lake. Chai ya saa nne aliinywa chumbani, kwa kuwa nguo zake zilijaa unga wa sabuni na hakutaka kuuacha kwenye viti vya wenzake. Hakuna aliyemwambia kwamba viti si kitu. Katika mikutano taarifa yake ilikuwa ya mwisho, na mara nyingi ilisomwa watu wakikusanya mikoba. Darasa lenyewe lilipungua. Mwaka huu lilikuwa na wanafunzi wanne, na kuanzia Pasaka wawili, baada ya familia moja kuhamia Kindu na binti mmoja kuolewa.

Philippe alifariki mwaka 2009. Kaka zake Mama Kavugho walirudisha biashara Butembo. Watoto wake wawili wanaishi mbali, mmoja Kampala na mwingine Lubumbashi, na hupiga simu Jumapili baada ya misa. Familia imemwita arudi Butembo. “Kule nilitokaka na miaka makumi mbili na tatu,” alisema alipoulizwa. “Bale banakumbuka sura yangu bako mu makaburi.” Atabaki Kabondo.

Yeye pia anafuata sheria ya kurudisha. Vitu anavyochonga kando ya wanafunzi hutoka nyumbani kwake na hurudi huko. Nyumba hiyo ina mtu mmoja. Simba na mbuzi anaowachonga darasani, anaoga nao mwenyewe.

Machi mwaka huu mkurugenzi alipotangaza kwamba anatafutwa mrithi, jarida hili liliwatafuta wahitimu. Haikuwa vigumu kuwapata. Mikono iliyofundishwa chumba namba nane ina kazi nyingi mjini, lakini kati ya tuliowapata hakuna hata mmoja anayechonga.

Larissa, wa darasa la 2006, anatengeneza meno ya bandia kwa daktari mmoja katikati ya mji. Alitupokea akiwa na taya la mteja mkononi. “Mama njo alinipa hii mikono,” alisema, “lakini mikono iko na kazi tayari. Nikikosea kidogo tu, mutu atakula pondu na upande moya mpaka kufa.” Aliomba Mama Kavugho asalimiwe, na asiambiwe kwamba alikataa haraka hivyo.

Nassoro, wa darasa la 2014, anatengeneza simu kwenye soko kuu. Hakuinua macho kutoka kwenye simu aliyoifungua. “Kule unatengeneza kitu, unarudisha, banafulia nguo. Kinakwisha. Hapa mutu anarudi kusema merci.” Kisha aliuliza swali lake mwenyewe: “Angali anakunywaka chai peke yake mule?” Alipoambiwa ndiyo, aliendelea na simu.

Wengine walijibu kwa ujumbe, au hawakujibu. Kufikia Mei vipimo vya meza za kompyuta vilikuwa vimechukuliwa. Fundi aliingia chumba namba nane na kamba yake wakati wa somo, na Mama Kavugho akasogeza kiti ili apime ukuta.

Aliyesaidia alikuwa Papa Rashidi. Mabaharia wa boti za baleinière zinazoshuka mto hupumzika kwenye benchi lake la lango, na kupitia kwao alisikia kwamba huko Yanonge yuko mwalimu wa shule ya msingi anayewachongesha watoto vipande vya chaki, na jioni vipande hivyo hurudi ubaoni kuandikiwa. Hakuhitaji kuuliza alisomea wapi. Aliwapa mabaharia maneno ya kupeleka. Wiki ya pili ya Juni, Angèle, mhitimu wa mwaka 2012, alishuka bandarini akiwa na mfuko mmoja na kuja moja kwa moja kituoni.

Mkurugenzi alimpa penseli kutoka mezani kwake. Angèle alichonga mbele yake na mbele ya Mama Kavugho kuanzia asubuhi hadi mvua ya mchana ilipoanza kupiga mabati, na mwishoni palikuwa na kuku aliyelalia mayai juu ya penseli. Mama Kavugho alimtazama kuku huyo kwa muda mrefu na hakusema lolote. Mkurugenzi, asiyezijua desturi za chumba hicho, aliuliza kama amefeli. Angèle ndiye aliyemweleza kwamba amefaulu.

Kisha Angèle akasema sharti lake. Atakuja, ataacha kazi Yanonge, lakini mwaka wa kwanza Mama Kavugho asikanyage chumba namba nane.

Mkurugenzi amekiri kwamba alitaka kumfukuza. Alipendekeza Mama awe anakuja Ijumaa tu, kama mshauri. Angèle alikataa. Yafuatayo yameandikwa kama watatu hao walivyoyasimulia, kila mmoja peke yake, na hayatofautiani.

“Eleza vizuri, binti,” Mama Kavugho alisema. “Papa Franck asifikiri ni matusi.”

“Mama akiwa mule, batoto batamwangalia yeye,” Angèle alisema. “Na miye nitamwangalia yeye. Nitabaki mwanafunzi mpaka nazeeka.”

“Na ku cour, hapa inje?”

“Na ku cour pia, mama.”

“Hata kusalimia Rashidi?”

“Batoto banaona lango kupitia dirisha.”

“Muda gani?”

“Mwaka moya. Kisha nitakuya miye mwenyewe kukuita.”

Mama Kavugho alisema atajibu baada ya Jumapili, akaenda kufundisha wale wawili.

Habari ilifika chumba cha walimu kabla ya chai ya kesho yake. Maneno yaliyosemwa huko yalikuwa makali. “Mutoto gani anamufungia mama yake mulango?” mwenzetu mmoja alisema, na wengi waliunga mkono. Ilipendekezwa barua ya pamoja ya kumkataa Angèle. Bon, alisema mwalimu wa hesabu, na nani atafundisha? Barua haikuandikwa. Ni lazima ielezwe pia kwamba katika mjadala huo wote hakuna aliyekwenda hadi mwisho wa jengo kumuuliza Mama Kavugho anaonaje. Alikuwa huko, na mlango ulikuwa wazi.

Jumatatu, saa moja asubuhi, alikuwa mlangoni kwa mkurugenzi kabla ya katibu. Alisema neno moja: “Aanze.” Kisha aliomba fundi wa meza za kompyuta aambiwe mapema, asije akanunua mbao bure.

Jarida hili lilimuuliza siku hiyo hiyo kama sharti limemuumiza. Alikuwa akinoa njiti kwenye ngazi na hakuacha. “Inauma, ndiyo,” alisema. “Lakini miye nilianza mu chumba kisicho na mutu. Hakuna aliyenisimamia nyuma. Njo maana nilijua. Mama yangu angeikala mule ndani, singefundisha kitu.” Aliulizwa atafanya nini mwaka huo. Alijaribu ncha ya njiti kwenye ukucha na kusema kwamba nyumba yake ina uwanja, na uwanja una majani.

Vifaa vyote anaviacha. Njiti thelathini na kitu zimepangwa kwenye kopo la maziwa, zenye ncha safi, na Angèle ameshazihesabu mbele yake kwa maelewano ya wote wawili. Wanafunzi wawili waliobaki wamefaulu penseli. Maombi ya kujiunga kwa Septemba yamefika saba, mengi yakitoka kwa wazazi waliosikia habari za sharti na kutaka kumwona huyo mwalimu mkali.

Kituo cha Ufundi Malembe kinamshukuru Mama Kavugho Élise kwa mikono aliyoifundisha, ambayo leo inaweka meno, inafungua simu na inashika chaki kando ya mto. Kinamshukuru pia kwa jibu la Jumatatu, ambalo wengi wetu tusingeweza kulitoa. Mama, tunakuombea macho yasiyochoka, usingizi mwema, na majirani wasiokupita bila kubisha hodi.

Sherehe ya kumuaga itafanyika Alhamisi, tarehe 2 Julai, saa nne asubuhi, katika ukumbi wa makanika. Atakabidhi ufunguo wa chumba namba nane baada ya hotuba ya mkurugenzi, kabla ya chakula cha lituma na samaki. Viti vitatosha kwa wote.

Masomo ya uchongaji mdogo chini ya Mwalimu Angèle yataanza Jumatatu, tarehe 7 Septemba, saa mbili asubuhi. Asubuhi hiyo Mama Kavugho atakuwa nyumbani kwake, Kabondo, nyuma ya kanisa, nyumba ya lango la kijani. Ameliambia jarida hili kwamba atakuwa ameamka mapema, na kwamba chai itakuwepo.